Mkwe Wangu wa Ukutani

Watu hukaa na wakwe wiki mbili tu wakaanza kutafuta sababu za kusafiri. Mimi nimekaa na baba mkwe miaka ishirini na saba, chumba kimoja, jicho kwa jicho, na hajanisemesha hata siku moja. Alikuwa ukutani. Picha ndogo ya zamani isiyo na rangi, ndani ya fremu ya mbao: mwanamume amekaa barazani kwenye kiti cha uvivu, koti juu ya kanzu, kofia ya viua kichwani, bakora mkononi, na mdomo ameuvuta upande mmoja kama mtu aliyelambishwa shubiri. Nilipopata vyumba viwili Magomeni, nikiwa bwana harusi mpya kutoka Masasi, nilidhani kitu cha kwanza kuingia kitakuwa kitanda. Mke wangu akaingia na baba yake.

Mke wangu anaitwa Sitara binti Abubakary, Mzaramo wa Kariakoo, na habari hii ni yake. Mimi Bakili ni msimuliaji tu, tena msimuliaji mwenye mdomo, kama mwenyewe atakavyokwambia ukimpa nafasi.

Ukimtaka mchana utampata Mtaa wa Mchikichi, kwenye kibanda chembamba kilichobanwa kati ya duka la mapazia na ngazi za ghorofa. Anauza vifungo, zipu, nyuzi, bitana na mipira ya kiuno. Mafundi cherehani wa Ilala na Buguruni wanamwogopa na wanamfuata. Fundi akija na kifungo kimoja akitaka wenzake watano wa kufanana nacho, Sitara hasemi hakuna. Anakishika, anakipindua, anakigonga kwenye jino, halafu anapanda juu ya stuli na kushusha kopo ambalo hata yeye alikuwa amelisahau. Akikosa anasema, "Rudi kesho," na kesho kipo. Hapendi kushindwa na kitu kidogo. Na ulimi anao. Mteja akiomba apunguziwe mara ya tatu, humwuliza kama hiyo nguo anayoshona ni ya kuvaa au ya kuombea.

Lakini mwanamke huyo huyo hakuwahi kufanya jambo kubwa bila kusimama kwanza mbele ya ile picha. Baba yake alifariki mwaka sabini na tatu, yeye akiwa bado tumboni. Mama yake akamfuata mumewe kabla mtoto hajaota meno. Akalelewa na shangazi yake, Bi Maimuna, na kitu pekee alichobakiwa nacho cha kumwonyesha sura ya baba ni hiyo karatasi. Alipotaka kuacha kupika vitumbua na kufungua kibanda, alisimama pale. Binti yetu Amira alipopata nafasi ya chuo Dodoma, alisimama pale. Akimaliza anakuja kuniambia, "Baba hajakataa." Mara moja nilimjibu kwamba mtu wa karatasi atakataa vipi. Nikala wali mkavu siku mbili.

Alichojivunia kuliko vyote ni ule mdomo. "Mdomo wangu huu ni wa baba," aliwaambia watu, na kweli akikasirika mdomo wake nao huvutika upande. Majirani wa zamani wa Kariakoo walikuwa wakiitikia, "Kabisa, umemchukua mzee." Nilimwogopa yule mzee, sifichi. Nikirudi nina harufu ya sigara namkuta ananitazama.

Masika ya mwaka juzi maji yaliingia ndani. Mimi nilinyanyua godoro, Sitara alinyanyua picha. Hata hivyo unyevu ulishapita kwenye kioo, na madoa yakaanza kupanda kutoka chini, kwenye miguu, yakielekea juu. Kila asubuhi alikuwa anaenda kuyapima kwa kidole. Hakuwa na picha nyingine. Madoa yakifika usoni, baba yake angekuwa amekufa mara ya pili, na safari hii mbele ya macho yake. Ndiyo sababu tukaenda kwa Allen, jamaa mwenye studio ghorofa ya pili huko karibu na Msimbazi, anayejua kusafisha picha za kale kwa kompyuta na kuzikuza.

Allen akaipiga skani, akaivuta mpaka ikajaa kioo kizima, akaanza kufuta madoa moja moja. Tulikuwa tumekaa nyuma yake. Baraza ikaonekana, miguu ya kiti ikaonekana, na jamvi lililotandikwa chini ambalo hatukuwahi kujua kama lipo. Sitara alikuwa anatabasamu kama msichana.

Sasa, mimi nauza viatu vya mtumba Mchikichini. Kila asubuhi nafungua belo, na kazi yangu ni kumtafutia kila kiatu mwenzake, wa kulia kwa wa kushoto. Jicho langu haliwezi kupita kiatu bila kusimama. Allen alipofika miguuni, ambapo kwenye picha ndogo palikuwa na vivuli viwili tu, na doa la mwisho likatoka, nilicheka kabla sijajizuia.

"Unacheka nini, Baba Amira?"

"Mzee kavaa viatu sivyo. Cha kulia kakitia kushoto. Tazama ncha zilivyopeana mgongo."

Sitara akainama. Allen naye akainama. Hapakuwa na cha kubishana, viatu vilikuwa vya ngozi, vikubwa, na kila kimoja kilikuwa kinaelekea kwake.

"Si tatizo, mama," Allen akasema. "Navibadilisha sasa hivi, dakika mbili tu. Hakuna atakayejua."

"Acha," Sitara akasema. "Usiguse."

Akasogeza kiti karibu. Alikuwa haangalii tena viatu. Macho yake yalikuwa yanapanda na koti, taratibu, vile anavyokagua zipu kabla hajaiuza. Akaweka kidole kwenye kioo, penye bega.

"Hiyo ni bitana," akasema. "Mshono uko nje. Na ule pale ni mfuko wa ndani. Hili koti limegeuzwa."

Kwetu kusini nimeshawaona watu wamevaa hivyo, koti ndani nje, viatu kinyume, na si mara moja. Nilijua ni watu gani huvaa hivyo, na wanavaa siku gani. Nikanyamaza, jambo ambalo si kawaida yangu, na Sitara akaliona. Tulipokuwa tunashuka ngazi akanishika mkono wa shati.

"Kuna kitu unakijua."

"Sikijui. Nakihisi tu."

"Basi kesho tunaenda kwa Shangazi."

Shangazi Maimuna anakaa kwa mjukuu wake Kigamboni. Tulivuka Magogoni kwa pantoni asubuhi, Sitara amepakata picha aliyoikuza Allen, kaifunga ndani ya kanga. Tulimkuta bibi uani anapeta mchele. Ana miaka themanini na kitu lakini pumba hazimpiti.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, wanangu. Mbona hamjapiga simu? Kuna nini?"

Sitara hakukaa. Alifungua kanga, akamwekea picha mapajani, juu ya ungo na mchele wake.

"Shangazi, niambie kweli, nimeshakuwa mtu mzima. Baba yangu alikuwa mwendawazimu?"

Kumbe usiku kucha hilo ndilo alilokuwa nalo. Aliona viatu, akaona koti, akajumlisha hivyo, na alikuwa tayari kumpenda hivyo hivyo alivyo. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja sikulijua.

"Astaghfirullah," Bi Maimuna akasema. "Abubakary alikuwa na akili kuliko mtaa mzima."

"Basi kwa nini kavaa hivi?"

Bibi akaitazama picha. Nadhani angeweza kudanganya tena, alikuwa na uzoefu. Lakini lilikuwa jambo moja kumpa mtoto sura isiyo yake, na jambo jingine kuacha ndugu yake wa damu aitwe chizi.

"Huyo si Abubakary," akasema. "Huyo ni Maganga."

Ndipo akatueleza, pole pole. Shaibu Maganga alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, seremala mwenzake Abubakary huko mtaani Gerezani. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na hao wawili walikuwa watani wa kupitiliza, hawakunywa chai bila kutukanana. Abubakary alipofariki, Maganga ndiye aliyechimba kaburi na kuteka maji. Na baada ya mazishi akafanya kazi nyingine ya mtani, ile niliyoiona kwetu kusini. Alifungua sanduku la marehemu, akavaa koti lake ndani nje, akavaa viatu vyake kinyume, akakaa kwenye kiti chake barazani na bakora yake, akaanza kuwafokea waombolezaji kwamba mnalia nini na chakula hakijaiva.

"Siku zote za matanga tulimwita Abubakary," bibi akasema. "Aliyemwita Maganga alimwagiwa maji. Mama yako alikuwa hajalia, hajala, amekaa tu na tumbo lake anatazama ukuta. Tuliogopa. Maganga akamwita kutoka barazani kwa sauti ya mumewe, 'We mwanamke, chai yangu iko wapi?' Ndipo alipolia. Alilia mpaka jioni, halafu akaomba uji."

"Na picha?"

"Mpwa wetu mmoja alikuja na kamera ya kazini kwake. Akawa anapiga piga. Ya baba yako hatukuwahi kuwa nayo, watu walikuwa hawapigi picha ovyo kama nyie."

Sitara alikuwa bado amesimama. Alikuwa ameukunja ule mdomo.

"Nani aliniambia mimi kwamba huyu ni baba?"

"Mimi. Ulikuwa mdogo, umetoka chuoni kwa mwalimu, wenzako wamekucheka kwamba huna baba. Ukalikuta sandukuni lile koti na hii picha. Ukaniuliza, 'Huyu nani?' Nikasema Abubakary. Siku ile ya picha jina lake lilikuwa Abubakary, kwa hiyo nilijiambia sijasema uongo."

"Na nilipokua?"

"Nilisema nitakwambia ukivunja ungo. Ukavunja ungo. Nikasema ukiolewa. Ukaolewa ukaondoka nayo, ukaitundika kwako, nikasikia unaiomba ushauri. Ningeanzia wapi, mwanangu?"

Nilikasirika, nasema wazi. Watu wa Kariakoo watakueleza habari za jirani ambazo jirani mwenyewe hajazisikia, lakini hii walioijua wote waliimeza, na juu yake wakaongeza, "Kabisa, umemchukua mzee." Nilitaka kulisema hilo pale pale. Sitara akanitangulia.

"Haya. Basi nielezee wewe uliyemwona. Alikuwa na sura gani?"

Bi Maimuna akafumba macho. Mkono wake uliokuwa unachezea mchele ukatulia. Kuku walikuwa wanakuja kudonoa pembeni ya ungo na hakuna aliyewafukuza.

"Sioni," akasema mwishowe. "Nikifumba macho anakuja huyu. Miaka yote hii umekuwa ukiniuliza, 'Si ndiye, Shangazi?' nami nikiitikia ndiye, ndiye, mpaka ndugu yangu wa tumbo moja amenitoka. Sina uso wake, Sitara. Nimeupoteza na mimi."

Akalia kama wanavyolia wazee, bila sauti. Sitara akachuchumaa akamshika mikono. Hakusema amemsamehe. Hilo lilikuja baadaye, na lilichukua muda wake.

Siku zilizofuata nyumba yetu ilikuwa nzito. Ile picha ndogo aliitoa ukutani mwenyewe, akaiweka kabatini kifudifudi, na ile kubwa ya Allen akaisukuma nyuma ya kabati. Nilidhani nitafurahi kuwa na ukuta wangu. Sikufurahi. Kibandani alianza kusema "hakuna." Fundi mmoja wa Ilala, mtu mzima, alinifuata hadi Mchikichini kuniuliza kama mke wangu anaumwa, kwa sababu amemwomba apunguziwe na amepunguziwa.

Asubuhi moja nilimkuta mbele ya kioo cha kabati, anajitazama.

"Sasa mdomo huu ni wa nani?" akaniuliza.

Akageuka, akasema tena, "Maisha yangu yote, Bakili, nimekuwa nikishauriana na Mnyamwezi." Pembe ya ule mdomo ikacheza kidogo, ikatulia. Halafu akasema anataka kuirudisha picha. Ya watu irudi kwa wenyewe. Shangazi alikuwa ametuambia Maganga naye alishafariki, ila mwanawe yupo Keko, anaitwa Mudi, anachonga vitanda, na kila Idi humvushia bibi sukari.

Tulimpata bila shida. Mudi Maganga ni mtu wa miaka sitini na kidogo, mfupi, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, alikuwa anapiga randa ubao wa kitanda. Tukasalimiana. Sitara akajitambulisha.

"Mimi ni Sitara, binti Abubakary wa Gerezani. Mzaramo."

Mudi aliposikia hilo akazikumbatia mbao zake.

"Mzaramo? Basi kaa mbali. Ukiona mti tu unachonga ngoma."

"Na wewe Mnyamwezi," Sitara akajibu hapo hapo, "tua mzigo kwanza kichwani ndipo uongee na watu."

Ilimtoka bila kufikiri. Mudi akacheka kwa furaha, akatupangusia kitanda ambacho bado hakijakwisha tukae, akaagiza soda. Lilikuwa jambo jema kumsikia mke wangu akimtusi mtu tena.

Sitara akampa ile picha ndogo na fremu yake. "Hii ni ya kwenu. Niliiweka kwa kutojua, nikidhani ni baba. Samahani kwa miaka yote hiyo."

Mudi aliishika kwa vidole viwili, akaipeleka kwenye mwanga. Akacheka tena, mara hii chini chini, akajifuta macho, na vumbi likamwingia zaidi.

"Ni yeye," akasema. "Hapa yuko kazini."

"Chukua, basi."

"Ngoja kwanza, mdogo wangu. Nani amekwambia huu uso ni wa baba yangu?"

"Shangazi. Si umesema mwenyewe ni yeye?"

"Pua ni yake. Masikio yake, hayo nimeyarithi, tazama balaa hili. Lakini baba alikuwa mtu wa meno nje saa zote, hata usingizini. Sijamwona amevuta mdomo hivi isipokuwa akimwiga Abubakary. Huu mdomo si wake, huu ni wa baba yako. Ameuvaa kama alivyovaa koti."

Sitara akapeleka mkono mdomoni mwake, akauacha hapo. Soda zikaja, hakuna aliyezipokea.

"Alimwiga mpaka anaingia kaburini," Mudi akaendelea. "Akimkumbuka rafiki yake alikuwa anatufanyia Abubakary sebuleni. Anavyoingia, anavyokohoa, anavyokagua kazi ya fundi mwingine. Mama anakasirika, anasema tunamchezea marehemu, sisi watoto tunagaragara chini. Ukiniuliza habari za babu yangu sizijui. Za baba yako nazijua zote."

"Nionyeshe," Sitara akasema.

Mudi akanitazama mimi, kama anayeuliza kama ni sawa. Sikujua kama ni sawa. Niliogopa ataumia, na niliogopa zaidi ataondoka bila kuona. Nikaitikia kwa kichwa.

Akaweka randa chini. Akatoka nje, akazunguka nyuma ya rundo la mbao, akakaa huko kidogo. Halafu akaingia mtu mwingine. Aliingia kwa bega la kulia kwanza, kama mlango unambana. Akasimama, akakohoa, kikohozi kidogo cha kusafisha koo kisicho na kazi. Akapitisha dole gumba kwenye ukingo wa kitanda, taratibu, mwanzo hadi mwisho, akafika penye mkwaruzo ambao mimi sikuuona, akarudi nyuma akaupitia tena. Mdomo ukavutika upande. Akashusha pumzi, akaketi kwenye kigogo, mkono juu ya goti, akatutazama mmoja mmoja kama watu aliowakuta kwake bila taarifa. Nilijikuta nimesimama kwa adabu. Nilikuwa nimeishi na mtu huyu miaka ishirini na saba na sikujua kwamba anakohoa.

Sitara alisogea mpaka mbele yake, akapiga magoti kwenye vumbi la mbao. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa hayafuti.

"Shikamoo, baba," akasema.

Nilidhani Mudi atacheka, au ataona haya aache. Mtani haachi.

"Marahaba, mwanangu," akajibu, kwa sauti nzito isiyokuwa yake. "Mbona umechelewa hivyo?"